Wanaongoja Gemu, na Lugha Waliyopewa Majini



Mwezi Novemba 2025, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni pa sakristia akiwa na shauri zito. Mwanawe yuko kidato cha nne. "Padri," aliniambia, "siku hizi hana neno jingine ila gemu inayokuja. Anadunduliza kila senti anayopata kwa kuosha pikipiki za bodaboda. Sasa nasikia hiyo gemu yenyewe imesogezwa mbele tena, na mtoto amenuna wiki nzima kana kwamba tumefiwa." Aliniomba niseme neno altareni, nivikemee vibanda vya gemu mpaka vifungwe.

Sikuvikemea. Nilimwomba anipe siku chache, kisha nikaenda mwenyewe kuketi katika kibanda ambacho mwanawe hushinda. Ninayoandika leo yametokana na jioni ile, na najua kwamba baadhi yenu hamtakubaliana nami.

Kwanza tuifahamu gemu yenyewe. Inaitwa Grand Theft Auto VI, nayo vijana huita GTA tu. Watengenezaji wake ni kampuni ya Rockstar Games ya Marekani. Iliyotangulia, ile ya tano, ilitoka Septemba 2013, wakati mtoto wa yule mama alikuwa na umri wa miaka 5. Trela ya kwanza ya hii mpya ilitolewa Desemba 2023, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24. Iliahidiwa mwaka 2025, ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikatangazwa kwamba imesogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Hapo ndipo kijana wetu aliponuna. Tena ilitangazwa kwa ajili ya PlayStation 5 na Xbox za kizazi kipya peke yake, mashine ambazo fedha ya kuosha pikipiki itachukua muda mrefu kuzifikia.

Kwamba kijana wa Tabora angoje kitu kwa shauku hivyo, hilo halikunishangaza. Mji huu ulikua kwa kungoja. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mitatu au zaidi kabla ya kufika Unyanyembe, na ikifika hapa ilituama. Ilingoja wapagazi wapya, ilingoja mvua zipite, ilingoja habari za njia. Mwaka 1871 njia ya kwenda Ujiji ilifungwa na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu, na wengi wakakwama hapa wakihesabu siku. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, kuanzia Februari hadi Agosti, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akingoja wapagazi na mizigo ambayo Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Anayekwenda leo kuitazama ile tembe ya Kwihara anatazama kwa hakika nyumba ya mtu aliyekuwa akingoja.

Basi nikaketi kwenye benchi. Vijana walinyamaza kwanza, kama wanafunzi waliomwona mwalimu wa zamu, kisha wakanisahau. Wengi walikuwa wakicheza mpira, kama ilivyo kawaida ya vibanda hivi. Lakini wale waliokuwa wakisubiri zamu walizungumza juu ya hiyo inayokuja, nami nikasikia kwamba pamoja na hamu walikuwa na hofu. Hofu yao haikuwa ile ya mama zao. Ilikuwa hofu ya vidole. Mmoja alihofu kwamba magari yatakuwa mazito kupinda. Mwingine alitaka kujua kama kulenga shabaha kutakuwa kazi ya mchezaji mwenyewe, au mashine itamsaidia kama zamani hata mtu asiyejua aonekane anajua. Wa tatu alisema vitufe vitazidi kuwa vingi, na pedi za pale kibandani zimelegea, basi ni nani atakayeweza? Walijadiliana kwa ushahidi, kwa mifano, na kwa kumbukumbu za matoleo ya nyuma. Nawaambia kweli, nimekaa katika vikao vya kamati tendaji ya parokia ambavyo havikufikia uzito huo wa hoja.

Mjadala huo ulinirudisha nyuma miaka mingi, kwa gemu nyingine iliyongojewa na dunia nzima, ambayo ilituhusu sisi wa njia hii ya misafara kuliko tulivyojua. Ni Resident Evil 5, kazi ya kampuni ya Capcom ya Japani. Trela yake ilionyeshwa mwaka 2007, na gemu yenyewe ikatoka Machi 2009. Katikati ya tarehe hizo mbili mashabiki walikuwa na hofu ileile ya vidole. Demo ilipotolewa duniani mwanzoni mwa mwaka 2009, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 4, na waliolalamika walilalamikia jambo moja zaidi ya mengine. Mchezaji alipoinua bunduki ili alenge, miguu ya mhusika wake iliganda ardhini. Hakuweza kutembea na kulenga kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 gemu nyingine ya kutisha, Dead Space, ilikuwa imewaruhusu watu kutembea huku wakilenga, kwa hiyo hii ya Capcom ikaonekana ya kizamani. Kampuni iliweka mipangilio kadhaa ya vitufe ili kila mtu achague unaomfaa, mmojawapo ukifanana na ule wa gemu nyingine za kupiga risasi, lakini miguu ilibaki pale pale.

Mtu asiyecheza anaweza kucheka malalamiko hayo. Mimi siyacheki. Aliyeshika pedi amekabidhi mikono yake kwa mtu wa kwenye kioo, na mtu huyo asipotii, mchezaji anaona amesalitiwa. Waliotetea utaratibu wa zamani nao walikuwa na hoja nzuri. Walisema kwamba hofu ya gemu ile imo katika huko kuganda. Huwezi kukimbia huku ukifyatua, kwa hiyo unalazimika kusimama na kuwatazama wanaokujia.

Ni akina nani, basi, waliokuwa wakimjia?

Walikuwa Waafrika, wenyeji wa mji wa kubuni uitwao Kijuju, waliopandikizwa vimelea vilivyowaondolea ubinadamu wao. Jina lao katika gemu ni Majini. Neno hilo limechukuliwa kwetu, japokuwa waliolichukua hawakujua kulitumia, kwa maana katika gemu hata mmoja huitwa Majini, wakati sisi tungesema jini. (Wala hawakujua kwamba neno hilohilo ndilo tunalotumia kusema samaki anaishi wapi.) Na Majini hao wanapomwona Mmarekani mwenye bunduki, Chris Redfield, wanamfokea kwa Kiswahili.

Mimi niliiona mwaka 2011, nikiwa bado frateri, katika chumba kimoja cha kompyuta hapa Tabora ambako vijana walikuwa wakilipia kwa saa. Waliokuwa wamezunguka mashine walikuwa sita au saba. Sauti ya kwanza ya Kiswahili iliposikika walicheka sana, wakaanza kuigiza. Kwao lilikuwa jambo la fahari: lugha yetu imeingia katika gemu ya Wajapani! Mchezaji akaendelea kupiga, wale wakaendelea kuanguka wakifoka. Baada ya muda kicheko kilipungua. Kijana aliyeshika kipanya, ambaye simjui jina hadi leo, alinyoosha mkono bila kusema neno, akapunguza sauti ya spika mpaka ikawa kimya, akaendelea kucheza.

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi. Hakuacha kucheza, wala hakulalamika. Alichofanya ni kuondoa lugha ya mama yake katika vinywa vya watu aliokuwa akiwaua, kisha akaendelea. Hakuna kitufe kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, naye akajitafutia chake.

Ni haki kusema kwamba walikuwapo walioliona jambo hili mapema. N'Gai Croal, mwandishi wa jarida la Newsweek, mwaka 2008 alisema waziwazi kwamba picha za trela ile zilibeba historia ndefu na chungu ya namna watu weusi walivyochorwa, na akashangaa kwamba hakuna aliyekuwa amewatahadharisha watengenezaji. Alitukanwa sana na baadhi ya mashabiki kwa kusema hivyo. Bodi ya Uingereza inayokagua filamu na gemu ilitazama malalamiko, ikaona kwamba gemu haina ubaguzi. Ni haki pia kusema kwamba hadithi yenyewe haiwalaumu wanakijiji. Inawalaumu wageni wenye fedha waliokuja kuwafanyia majaribio. Tena msaidizi wa Chris ni Mwafrika, mwanamke hodari aitwaye Sheva Alomar. Lakini Sheva anazungumza na Chris kwa Kiingereza. Waliopewa Kiswahili ni wale wa kuuawa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Tabora hasa. Gemu inasema Kijuju iko Afrika ya Magharibi. Wapendwa, Kiswahili hakikuruka kwa ndege. Kilitembea. Kilitoka Bagamoyo kikapita Ugogo, kikafika hapa Unyanyembe, kikashuka Uvinza hadi Ujiji, kikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Manyema, Nyangwe na Kasongo. Waliokibeba walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, babu zetu, wenye mizigo ya takriban kilo 30 mabegani. Walikitumia kupatana ujira, kuulizana maji yako wapi, kugombana juu ya posho, kuposa. Nasi tusisahau kwamba katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, nao wakajifunza lugha hii kwa uchungu. Mpagazi wa Kinyamwezi hakukifikisha Kiswahili Afrika ya Magharibi. Watengenezaji walikichukua kwa sababu kilisikika Kiafrika, wakakiweka mahali ambapo miguu yetu haikufika.

Wala haya hayakuanza na kompyuta. Henry Morton Stanley alifika hapa Juni 1871 kama mwandishi wa gazeti la New York Herald, na mwezi Agosti akajiunga na Waarabu katika vita vyao na Mirambo, wakashindwa vibaya. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake juu ya safari hiyo, na wasomaji wa London na New York walikipokea kwa hamu kubwa. Ndani yake nchi yetu inatazamwa na mtu mmoja mwenye bunduki na kalamu, na mara nyingi sisi ni kundi linalomjia mbele. Tofauti ni kwamba msomaji wa mwaka 1872 hakupewa pedi.

Labda mtasema kwamba Padri anachagua mfano mbaya peke yake. Basi upo wa pili, na huu mnaujua bila kujua kwamba mnaujua. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya kujenga mataifa iitwayo Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia unaitwa Baba Yetu. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Muziki ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu za video. Kwaya duniani kote huuimba, na nimesikia zetu zikiuimba pia. Mwaka uleule kijana wa Tabora alipopunguza sauti ya spika, lugha ileile ilikuwa ikishangiliwa Marekani.

Najua wengi wataona kwamba wimbo huo unalipa deni la lile jingine. Mimi naupenda sana, lakini sioni hivyo. Katika gemu moja Kiswahili ni sauti ya mapepo, katika nyingine ni sauti ya mbinguni. Kati ya mapepo na mbinguni kuna soko, kuna stendi, kuna foleni ya zahanati, na huko ndiko lugha hii inakoishi. Katika gemu hizo mbili sikumsikia mtu anayesema Kiswahili kwa sababu tu anauza maandazi.

Narudi kwa yule mama na ombi lake. Kwa nini sikuvikemea vibanda? Alama ya 18 iliyoandikwa kwenye makasha ya gemu za namna hii haikuwekwa kwa mapambo, na mzazi anayemzuia mtoto wa miaka 12 ana haki yote. Mwenye kibanda naye anapaswa kuwa na aibu ya kutosha kumrudisha nyumbani, hasa kwa kuwa kwenye nakala zinazozunguka mitaani hakuna hata kasha la kusoma. Hilo nilimwambia jioni ileile, naye alinisikiliza kwa heshima. Nitarudi kuona kama alinisikia.

Lakini kijana wa kidato cha nne anayebishana kwa hoja juu ya uzito wa usukani hajapotea. Amejifunza jambo moja ambalo wazazi wake hawajui: kwamba anayengoja anasikilizwa. Malalamiko ya mwaka 2009 juu ya miguu iliyoganda hayakupotea hewani. Resident Evil 6 ilipotoka mwaka 2012, mchezaji aliweza kutembea huku akilenga. Kampuni iliyouza Resident Evil 5 kwa wingi kiasi kwamba kwa miaka kadhaa ikawa gemu yake iliyouzwa kuliko zote, haikuwa na lazima ya kubadilisha kitu. Ilibadilisha kwa sababu watu walisema, wakarudia kusema, kabla na baada. Watengenezaji hutoa trela na demo mapema ili wasikie tunanong'ona nini. Waliolalamikia vidole walijibiwa. Juu ya vinywa vya Majini alisema Croal na wengine wachache, na sisi wenye lugha hatukusema kitu, kwa kuwa baadhi yetu tulikuwa tukicheka, baadhi tukipunguza sauti, na wazee wetu, mapadre tukiwamo, tulikuwa tukihubiri kwamba gemu zote ni za shetani bila kuwahi kuitazama hata moja.

Ndiyo maana kukemea kutoka altareni kunanitia wasiwasi. Kijana anayeambiwa tu kwamba asicheze atacheza kwa siri, na atakapoona jambo linalomchoma hatakuwa na mtu wa kumwambia. Nani angemwambia mzazi wake, "Leo nimewaua watu wanaosema kama bibi," ikiwa kwanza ataulizwa alikuwa anafanya nini huko?

Jioni ile, kabla sijaondoka, mtoto wa yule mama alinisindikiza hadi barabarani, pale penye miembe. Hakujua kwamba mama yake ndiye aliyenituma, au pengine alijua. Nilimsimulia habari za Kijuju, naye hakuwa na habari nayo, kwa maana ilitoka akiwa na mwaka mmoja. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nadhani katika hiyo GTA mpya atakuwamo mtu anayesema Kiswahili. Mji wake umefanywa kama Miami, alinieleza, na Miami kuna watu wa kila nchi.

Nikamwambia kwamba hilo sijui, lakini nikamuuliza: akiwamo, ungependa awe nani?

Nilidhani atasema jambazi mkuu, au shujaa. Alifikiri hadi tukapita duka la pili.

"Awe dereva tu, Padri," akasema. "Ila asife mapema."